Maelezo ya Pili ya Mchungaji Filipo Mghenyi Juu ya Kubomolewa kwa Nyumba ya Alute

KITUO CHA POLISI, SINGIDA

Yameandikwa Ijumaa tarehe 22 Januari 1954, saa tatu asubuhi, mbele ya Sajini Fabiano.

Jina la shahidi: Filipo Mghenyi. Umri: miaka 38. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Kazi: mchungaji wa usharika. Makazi: nyumba ya misheni, Ilongero.

Nimekuja kwa hiari yangu, hakuna aliyeniita. Siku ya Jumatatu tarehe 18 nilitoa maelezo katika chumba hiki hiki, nikasema sijui lolote juu ya watu waliobomoa nyumba ya Alute Mwiru. Nilisema uongo, tena nikiwa nimevaa kola ya uchungaji. Kwa uongo huo Paskali Ntandu, ambaye ni mzee wa kanisa letu, yumo mahabusu. Jumatatu ijayo atasimama mbele ya hakimu kama mtu aliyetenda kwa shauri lake mwenyewe, kisha akamsingizia mchungaji wake. Hakunisingizia.

Mnamo tarehe 14 Januari, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Paskali alikuja nyumbani kwangu. Alisema kwamba alfajiri ile Alute, muumini wetu wa siku nyingi, alionekana akimkokota kondoo mweusi kuelekea mlima ambako wazee wa zamani walikuwa wakitambikia mvua. Kila mtu anajua kondoo mweusi ni wa nini, na mvua ilikuwa imekatika tangu Krismasi, uwele unakauka shambani. Nikasema nitalifikiria. Paskali akasema, "Mchungaji, mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyekutangulia asingelala na jambo hili."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa nimewekewa mikono ya uchungaji miezi minane tu, na nilijua watu wananipima.

Utaratibu wetu uko wazi, nami niliusoma chuoni miaka mitatu. Muumini akishukiwa, mchungaji huenda kwanza nyumbani kwake peke yake, akaketi naye, akamwuliza. Asipomsikia, hurudi na wazee wawili. Jina la mtu halitajwi kanisani kabla ya hatua hizo mbili. Kutoka kwangu hadi kwa Alute ni nusu saa kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa nzima. Sikwenda Alhamisi, sikwenda Ijumaa, wala Jumamosi.

Sajini ameniuliza kwa nini. Nitasema ukweli ingawa ni wa aibu. Alute ni mtu wa miaka sitini na zaidi, na hasemi kwa kuficha. Wakati wa mavuno aliniambia mbele ya watu kwamba mahubiri yangu ni marefu kuliko kupura uwele. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini nilibaki na kinyongo. Paskali aliponiletea habari ile, nilifurahi. Nilijiambia ni uchungu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, lakini ilikuwa furaha.

Jumapili tarehe 17, ibadani, saa nne na nusu hivi, nilitangaza kwamba Alute ametengwa na Meza ya Bwana. Hapo ilinipasa kunyamaza. Nikaendelea nikasema, "Asipewe moto, asipewe maji, na mlango wake ufungwe mpaka atubu." Maneno hayo hayamo katika taratibu za kanisa letu. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu yalikuja vizuri mdomoni, na kanisa lote lilikuwa kimya likinisikiliza.

Alute hakuwapo. Mke wake, Rahabu, alikuwapo kwenye mabenchi ya wanawake. Alisimama akasema, "Mchungaji, yule kondoo..." Sikumwacha amalize. Nilianzisha wimbo kwa sauti kubwa, kanisa likaupokea, naye akaketi.

Saa saba mchana nilikuwa kivulini nje ya nyumba yangu nikisubiri chakula. Paskali alipita na wanaume sita, wana majembe na mashoka. Nilipotoa maelezo ya kwanza nilisema sikuwaona. Niliwaona. Paskali alisimama akaniambia, "Tunakwenda kuufunga mlango wa Alute kama ulivyoagiza." Niliyatazama yale mashoka. Nikamjibu, "Mungu awatangulie." Kisha niliingia ndani nikala.

Walivunja ua wa ng'ombe, wakapanda juu ya tembe na kufukua udongo wa paa. Rahabu aliingia kutoa unga na mavazi, boriti ikamwangukia mguuni. Yuko hospitali ya hapa mjini, na mfupa umevunjika mahali pawili.

Jumanne tarehe 19, asubuhi, Alute alikuja kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliniambia binti yake Kristina, aliyeolewa Unyambwa, amejifungua mtoto wa kiume. Yule kondoo alikuwa wa kuchinjwa, mzazi apate mafuta ya kula, kama baba yeyote wa kwetu anavyompelekea binti yake. Alitoka alfajiri ili mnyama asitembee juani, akakaa huko kwa mjukuu hadi habari za nyumba zilipomfikia. Njia ya Unyambwa hupita chini ya mlima ule, hata mimi huipita kila mwezi nikija mjini. Alisema, "Nilikusudia kurudi nikuombe uje umwombee mtoto. Ungekuja kuuliza, Mchungaji, hata Rahabu angekuambia. Kwangu hakuna mbwa." Hakukaa, alikuwa na mgonjwa.

Jana saa tisa alasiri nilikwenda hospitali. Nilimwamkia Rahabu mara mbili, hakuitikia, na kwetu mtu mzima kunyamazia shikamoo si jambo dogo. Baadaye alisema, "Niliimba na wenzangu ule wimbo wako mpaka mwisho, kwa sababu wewe ni mchungaji." Akageukia ukutani. Usiku kucha sikulala, na asubuhi hii nimekuja hapa.

Simtetei Paskali. Alishika shoka, na ni mtu mzima. Lakini alitenda neno lililotoka kinywani mwangu, na aliponitaja hapa mlimwona mwongo kwa sababu mimi nina kola naye ana jembe. Naomba maelezo yangu ya Jumatatu yasiaminiwe. Ikiwa sheria ina neno juu yangu, nipo.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaficha, na sasa sina nililobakiza.

(Sahihi) Filipo Mghenyi

Maandishi ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakiri ni sawa. Nilimwonya kwamba yatapelekwa kwa hakimu na yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema ameelewa. Aliomba apewe nakala akaisome kanisani Jumapili. Nilimjibu kwamba karatasi ya polisi haitoki kituoni. Akasema basi atasema kwa kinywa, kwa kuwa Alute alitajwa kwa kinywa. Aliondoka saa tano kasorobo, kola yake ameiacha mezani. Nimeiweka pamoja na jalada.

Sajini Fabiano, Singida, 22.1.1954