Karatasi ya Mnara Niliyokataa Kuitia Dole

Mke mwenzangu Leokadia,

Tangu tukuzike hujanijia hata ndotoni. Kwa shangazi yako kule Karema umefika mara mbili, kwangu niliyekulea unapita mbali. Tabia gani hiyo? Au babu yako, mume wetu, anakuzuia huko? Mama yako ndiye anayeandika, mimi nasema tu, na nimemkataza kulainisha neno.

Kwanza niombe radhi. Uliposomea uwakili niliitangazia Sibwesa nzima kwamba utasimama mahakamani. Wewe ukaenda kukaa ofisini Dodoma, unaandika kanuni za simu. Nikawaambia watu mjukuu wangu wakili, ila kesi hana hata moja. Ukacheka: "Bibi, kesi yangu ni nyie mnaopanda kichuguu kutafuta netiweki." Ukanieleza kwamba kampuni zinapenda mijini, ofisi yenu ndiyo inaziwekea masharti zifike na huku. Sikuelewa. Niliitikia tu ili ule, ugali ulikuwa unapoa.

Sasa wamekuja, hao wa kampuni ya simu. Walitaka kona ya shamba langu waweke mnara. Mwenyekiti wa kijiji akaniletea karatasi na wino: "Bibi, weka dole hapa, watu wanasubiri." Kidole nilishakichovya. Ndipo nikakukumbuka unavyonigombeza: "Karatasi usiyosomewa yote, kwa Kiswahili, usiitie dole, hata akiileta padri." Nikakipangusa kwenye kanga. Nikasema isomwe.

Wakanuna, wakasoma. Kufika katikati tukasikia uzio utazunguka kona yote, na mtu haingii bila kibali. Kona yote, Leokadia. Na wewe umelala humo.

Mwenyekiti, aliyeshika jembe kuchimba kaburi lako, akasema hakujua, na nilimwamini. Watu wa kampuni, niseme haki, waliiandika upya: uzio umesogea nyuma, njia ya kaburini ni yetu. Nikasomewa mara mbili, nikatia dole.

Mnara ukasimama, na juzi jirani yetu alishikwa uchungu. Mama yako akapiga simu zahanati akiwa hapo hapo jikoni, gari likaja. Mtoto wa kike, ana sauti.

Asante, mjukuu wangu. Sikukwambia ukiwa hai, nilikuwa bado sijaona kazi yako. Nimeiona.

Lala. Kaburi lako nitalifagia mwenyewe kila Jumamosi mpaka magoti yakatae. Na ukija, pita upande wa mihogo. Upande wa uzio mlinzi ana mbwa, na bado hajakuzoea.

Bibi yako