Mwizi wa Mawingu

Somanda, Bariadi
21 Agosti 1994

Dada Lukresia,

Kabla sijakuamkia: jana mazoezini Mzee Marcelo alitangaza kwamba hachezi tena na mimi.

Sasa shikamoo. Mama kikohozi kimemwacha. Wewe na watoto hamjambo huko Mwanza?

Sababu ni posa. Alhamisi Bujiku, mwana wa Mzee Marcelo, alileta wazee nyumbani, tukakubali. Kwa hiyo mimi ni mkwe, na mchezo ni uleule wa zamani uliocheza wewe, ambamo Binti wa Kisima, sasa mimi, humkazia macho Mtemi, yaani yeye, na kumwita mwizi wa mawingu.

"Mkwe anikodolee na kunitukana mbele ya Bariadi nzima? Labda nife kwanza," Mzee Marcelo alisema.

Wilhelmina, mwenzetu kikundini, akadakia: "Usife, mzee. Maneno ya Binti ninayo yote kichwani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Mwalimu Kasmiri, kiongozi wetu, amenipa hadi tarehe 11 Septemba nipate njia, la sivyo nafasi inakwenda kwa Wilhelmina. Bujiku anasema nimwachie tu. Nimeisubiri miaka sita, dada, tangu nilipokuwa nakushikia kibuyu chako nyuma ya pazia. Na mwaka huu mnunuzi mpya wa pamba, yule binafsi, ametupa lori lake liwe jukwaa.

Mdogo wako,
Felisita

Mwanza
30 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako niliisoma nikikaanga samaki, wakaungua.

Baba mkwe hakaziwi macho. Hilo siwezi kukufutia. Lakini mimi naishi na wangu mwaka wa nne na tunagombana kila siku. Yeye uani, mimi jikoni, tumepeana migongo. "Mwambieni huyo chumvi imezidi." "Mwambieni apike mwenyewe." Hajawahi kunishinda.

Bujiku mkumbushe kwamba alikuona jukwaani kwanza, ndipo akatuma wazee.

Dada yako,
Lukresia

Somanda, Bariadi
12 Septemba 1994

Dada,

Nafasi ni yangu! Mwalimu Kasmiri alitamka jana jioni.

Sasa salamu ya kwetu: mwangaluka, na pole ya samaki. Mama anakusalimu.

Mzee Marcelo alikuja kusikiliza tu, akakaa kwenye kigoda chake. Nikampa mgongo, nikawatazama wenzangu: "Mwambieni mwizi wa mawingu!"

"Tumwambie nini?" waliitikia wote. Hilo halimo kwenye mchezo, dada! Wa kwanza kuitikia alikuwa Wilhelmina; alipojishtukia, akanuna.

"Mwambieni kisima kimekauka na watoto wanalamba matope!"

Nikasikia kigoda kikiburutwa. Mzee alikuwa amekigeuza, naye akanipa mgongo.

"Mwambieni huyo binti," alisema kwa sauti ya Mtemi, "mvua nimeifunga na siifungui. Halafu mwambieni apaze sauti, huku nyuma sisikii."

Bujiku ameacha kunishauri. Ameomba apewe ngoma.

Tunapanda lori Jumamosi tarehe 17, saa tisa alasiri, uwanja wa gulio. Njoo. Na mwambieni baba mkwe wako anakaribishwa.

Mdogo wako,
Felisita