Boliti ya Saba

Jumatatu, 6 Julai 1992
Kutoka Rwezamenyo mpaka Rebero, mji mzima, hakuna fundi kama mimi. Nikikohoa tu, injini inawaka. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alinionea wivu.

Leo tena chini ya boneti ya gari la Baba mdogo. La mwaka sitini na tatu, pua ndefu, kutu mpaka kwenye mifupa. Tunafungua kichwa cha injini. Boliti kumi. Amri yake: mafuta ya taa, tone asubuhi, tone jioni, siku tatu, ndipo spana iguse. Siku tatu za kutazama chuma kikinywa!

Binamu yangu Hamadi anafurahia. Ana miaka ishirini, kaja juzi kutoka Burundi, ana kigugumizi. Baba mdogo kamwambia wazi: gari likipona anabaki, anafundishwa kazi. Akiharibu kitu, anarudi kwao kulima.

Jumanne, 7 Julai
Tone. Tone. Hamadi anadondosha kama ananywesha kitoto kichanga. Nikamwita Mama Boliti. Akajaribu kujibu, "We-we-we..." Nikamalizia: "Wewe ndiye bingwa, asante sana." Watoto wa uani walicheka mpaka wakakaa chini. Sentensi zake zote namalizia mimi. Nachagua mwisho ninaoutaka. Raha.

Jumatano, 8 Julai
Nimechoka kungoja. Adhuhuri Hamadi kaenda msikitini. Nikauvika mpini wa spana bomba ili uwe mrefu, nikavuta. Sita zikatoka. Nikaimba. Ya saba: krak. Nusu mkononi, nusu imebaki ndani.

Spana nikairudisha kwenye sanduku la Hamadi. Nikanawa.

Saa kumi na moja Baba mdogo kaona. Hakupiga kelele, ndiyo mbaya zaidi. "Nani?" Hamadi akanitazama. Akaanza, "Ni-ni-ni..." Mishipa ya shingo imesimama. Mzee anayengojea kutu siku tatu hakumngojea huyu dakika moja. Akanigeukia: "Anasema nini, sha, kijana wangu?"

Nikamalizia. "Anasema ni yeye. Anaomba msamaha."

Ijumaa, 10 Julai
Hamadi kapanda basi. Mfuko mmoja. Nilimpigia saluti kama mwanajeshi, watoto wakacheka tena. Kabla ya kuondoka alipita kwenye gari, akaonyesha boliti tatu zilizobaki. Vidole viwili: asubuhi, jioni. Nikacheka mimi pia. Kicheko kilikuwa kifupi.

Jumanne, 14 Julai
Tone. Kipande cha ndani hakitoki. Natoboa kwa mkono, taratibu, Baba mdogo kasimama nyuma yangu. Nikiharakisha ananipiga kisogoni. Malengelenge. Hakuna wa kumtania.

Jumapili, 19 Julai
Limewaka. Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha sauti safi. Baba mdogo kaniwekea mkono begani. Kasema nimejifunza subira, na kwamba siku ile ningeshika spana mimi, boliti isingekatika.

Nikasema, "Ndiyo, Baba mdogo."

Niliikata mimi. Hamadi alikuwa anasali.