Nilisema Ee Mara Tatu

Nyumba za Dani Filister,
Rangwe,
Homa Bay.
24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Dorah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Rangwe. Natumai jua la Lodwar limewahurumia kidogo, na mgongo wa Anko Bogonko umepata nafuu. Bravin na Cate je, wanasoma vizuri? Sisi ni wazima. Baba bado anaendesha trekta ya miwa kule Awendo, huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mama yuko, ila amechoka. Mimi pia nimechoka, shangazi, na wala sijabeba kitu kizito.

Ningekupigia simu lakini unanijua. Kwenye simu nasema "ee" na "sawa" mpaka mtu anakata. Na hiyo "ee" ndiyo imefanya nikuandikie.

Unakumbuka tulipokaa Awendo nilivyojivunia Kijaluo changu. Nilikipata kwa majirani, watu wa kiwandani waliotoka kila mahali, wanaongea polepole na kuchanganya Kiswahili. Kwa hivyo tulipohamia hapa mwezi wa nne, Mama aliniambia, "Wewe ndiye masikio yetu." Yeye ana Kikisii na Kiswahili cha kuuzia ndizi, basi.

Mwenye nyumba wetu ni bibi mzee anayeitwa Filister. Kila mtu humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Kiswahili hajui. Alizaliwa kisiwani Mfangano, na Kijaluo chake si kile nilichozoea. Maneno ni yaleyale, naamini, lakini anayapandisha na kuyashusha, mengine anayamalizia mdomoni, na kabla sijashika la kwanza, la kumi limeshapita. Nikirudi ndani kichwa kinaniuma kama nimetoka kwa mtihani wa hesabu.

Sasa nikuambie ukweli. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa arudie. Wewe mwenyewe ulinifunza hivyo, kwamba ni kama kumwambia hajui kusema. Basi Dani akisimama mlangoni kunieleza jambo, mimi natazama chini, nasema ee. Mwezi wa sita alikuja mara tatu. Mara tatu nikasema ee. Mama akiniuliza amesema nini, namjibu, "Anatusalimia tu."

Kumbe alikuwa anasema kijana wake Javan anarudi kutoka Nairobi na familia yake, na anaomba tumwachie nyumba mwisho wa Agosti.

Tulijua wiki iliyopita, Javan alipokuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mama aliwaka. Akasema pale kwa mfereji, mbele ya wanawake wote, kwamba Dani ni mwongo na hajatuambia kitu. Mimi nilikuwa hapo na mtungi wangu. Niliendelea kuteka maji.

Maneno yakamfikia Dani. Siku mbili hakutoka nje, hata kuku wake alifunguliwa na jirani. Siku ya tatu nikaenda kwake peke yangu, nikamwomba arudie yote, polepole. Aliniangalia, akaanza kucheka. "Ai! Kijaluo chako ni cha Awendo, kinatembea na miwa mgongoni! Si ungesema?"

Nilipomwomba msamaha alikataa kuupokea. Alisema anataka kuongea na mama yangu, na mimi ndiye nitakayetafsiri.

Jana, Sabato, tulipotoka kanisani tukakaa sisi watatu. Dani alisema jambo moja tu, akaningojea. Nikaliweka kwa Kikisii: "Nilimwambia mtoto mara tatu, na mara tatu akakubali."

Mama akauliza, "Mtoto gani?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunichapa, shangazi. Afadhali angenichapa. Alinituma nimwombee msamaha kwa Dani kwa kumwita mwongo. Nikafanya hivyo. Dani alimshika mkono, akatuongezea muda hadi shule zifungwe mwezi wa kumi. Kuhama bado tutahama, na Mama ndiye anazunguka kutafuta nyumba.

Nyinyi huko mnawezaje na Kiturkana? Uliwahi kuogopa kuuliza? Niambie ukiniandikia. Na tafadhali usimpigie Mama simu juu ya haya, atajua nimekueleza.

Nisalimie Anko, Bravin na Cate. Mama na Baba wanawasalimu. Mungu awalinde huko kwenye joto, awape maji ya kutosha na usingizi mzuri.

Leo asubuhi mwanamke fulani alipiga hodi, akaanza kuongea Kijaluo. Nilisimama. Mama aliniambia nikae, akatoka mwenyewe kumsikiliza, na haelewi hata neno moja.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye sana,
Kezia Nyamusi