Ule Mwanga Begani kwa Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila tumbo siku hizi linatangulia kufika kila ninakokwenda. Viatu vya mitumba vimenishinda, sasa nauza ndoo.

Filamu yako mpya tumeiona sebuleni kwa dada, watu tisa kochi moja. Dada alianza kulia hata majina ya mwanzo hayajaisha kupita. Mimi nikakumbuka ulivyoanza, ukipiga picha za pasipoti pale studio kwa Fundi, na lile pazia la buluu lenye kiraka. Kila mteja ulimwambia ainue kidevu, mpaka nyumbani tukakubatiza Inua Kidevu.

Jana nilipita. Pazia lipo, kiraka kipo, macho ya Fundi ndiyo yanaaga. Mwisho wa mwezi anafunga studio. Ukutani kaiweka ile picha ya mama anaanika nguo, yenye mwanga kama moto begani, iliyokuwa tangazo la filamu yako ya kwanza. Aliniuliza habari zako. Nikamwambia una kazi nyingi. Akasema anajua, kazi ya miaka kumi na tisa.

Kaka, kaa kwanza. Ule mkanda wa picha za mwisho za mama, ukasema Fundi kauharibu kwenye dawa ya kusafishia picha, ukamtukana mbele ya wateja ukaondoka usirudi mpaka leo: si yeye. Ni mimi. Uliacha kamera mezani, nikaifungua mgongo mchana kweupe, nione kama mama ametoka anacheka. Nikaona utepe wa kahawia tu, nikafunga. Kumbe mwanga umeingia ukauunguza mkanda, ikapona picha moja, hiyo ya kuanika nguo. Wasomi wanausifu ule mwanga kuwa ni ufundi wako, kumbe ni kiherehere changu.

Mama alikuwa ndio kwanza tumemzika, nikaogopa utanichukia. Halafu ukawa mtu mkubwa, nikaona nimechelewa.

Jana nimemwambia Fundi yote. Akacheka mpaka akakohoa. Alijua siku ileile, maana mwanga na dawa haviharibu mkanda namna moja. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema ulikuwa umeshafiwa na mama, hakutaka ufiwe na mdogo wako pia.

Nikasirikie mimi, nimestahili. Lakini njoo kabla hajafunga. Kiti cha pasipoti hajakiuza. Anataka akupige picha moja ya mwisho, na amesema uinue kidevu.

Dada anakusalimu, na kochi lake lililovunjika pia.

Ni mimi mdogo wako,
Mfungua Kamera