Soila na Hadubini ya Jumamosi

Sia, uko wapi? Huwezi kuamini yaliyomkuta Aikande leo!

Si unaijua ile klabu yake ya sayansi ya Jumamosi, pale ukumbini Engutoto? Leo alimwalika Soila, binti wa miaka kumi na miwili kutoka Olmotonyi. Bibi yake, Mama Lomayani, akamsindikiza, wakashuka kwa miguu.

Zamu ya Soila ikafika. Akachungulia kwenye hadubini tone la maji ya mfereji. Akaruka kwa furaha: "Wanatembea! Wana miguu!"

Mwalimu mgeni, Romanus, akamkatiza: "Hapa ni Kiingereza tu. Kama huwezi, mpishe mwenzako."

Mpishe mwenzako! Anamwambia mtoto!

Wazazi wengine wakacheka. Na Aikande, aliyemwalika kwa mdomo wake mwenyewe, ulimi ukamganda. Hilo ndilo linalomuuma mpaka sasa. Bibi ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa: "Kwani hao wadudu wanajua Kiingereza?"

Akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka.

Aikande akawakimbilia hadi getini. Akamwomba bibi radhi, akamsihi Soila arudi aangalie tena, safari hii kwa nafasi.

Mtoto akatazama chini, akasema: "Dada, nilidhani nimeona miguu. Labda sikuona."

Labda sikuona! Sia, aliona!

Aikande alirudi ukumbini akamwambia Romanus asikanyage tena pale. Alimwambia mbele ya wale wale waliocheka. Lakini Soila alikuwa ameshaondoka, hakusikia.