Banda Kando ya Kaburi

Nshamba,
11 Februari 2024

Mkamwana wangu Annastella, Mama Nancy,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kaagya, wewe na mjukuu wangu Nancy na wazazi wako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto linauma kila mvua ikitaka kunyesha, na wiki hii yote imetaka kunyesha.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu anakaa nayo Renatha, mke wa Gozbert. Anasema naimaliza chaji. Barua nampa Maulida, yule mama wa dagaa anayekuja gulioni hapa na kupita kwenu. Na wewe mpe yeye majibu, si mtu mwingine.

Shemeji yako Gozbert amekaa hapa mezani ninapoandika, anakusalimu. Anasema nikuulize habari ya kuku. Tangu uondoke, kuku wanaatamia lakini hawatotoi vizuri. Wakati wako ua ulijaa vifaranga, mpaka wapita njia wanasimama. Sasa Gozbert amejenga banda kubwa, na majirani wengi wamempa matembe yao awazalishie, vifaranga wagawane. Amewaahidi mambo makubwa. Anataka umwandikie taratibu zako zote, tangu kuweka mayai mpaka kulea vifaranga.

Mbusu Nancy kwa niaba yangu.

Mama mkwe wako,
Kokubanza


Kaagya,
18 Februari 2024

Mama mkwe,

Kasinge waitu. Barua yako imefika. Sisi wazima. Nancy ameng'oka meno mawili ya mbele na anauliza kama bibi atamtambua. Pole kwa goti. Salamu za Gozbert nimezisoma pia.

Mama, kabla ya kuku nina neno. Siku ya kuanua matanga ya Karugendo, Gozbert alisimama mbele ya ukoo akasema mtoto wa kike harithi kibanja, si nyumba si migomba, na mimi mjane nirudi kwetu. Mume wangu alikuwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini. Wewe ulikuwa umekaa mkekani karibu nami, ukatazama vidole vyako. Nikafunga nguo zangu. Kitu pekee nilichoomba ni kuku wangu wa kijivu, yule niliyepewa na mama yangu nilipoolewa. Nilikuwa nimeshamweka kwenye tenga. Renatha akaingiza mkono akamvuta kwa mguu, akasema, "Amekula mahindi ya hapa, ni wa hapa." Watu wakacheka. Nancy akalia njia nzima mpaka Bukoba.

Sijasahau hata kicheko kimoja. Hata hivyo umeniomba, na Karugendo alikuwa mwanao. Kwa hiyo sikilizeni, mfuate kama nilivyoandika.

Msiwape kuku mayai kidogo kidogo. Yakusanyeni mwezi mzima, ili vifaranga wote watoke pamoja. Kabla ya kuyaweka yaosheni kwa maji ya moto na sabuni mpaka yang'ae, uchafu usiingie kwa kifaranga. Kila kuku apewe mayai ishirini na tano, asionewe huruma. Na kila asubuhi mwondoeni juu ya mayai, mfungieni nje mpaka mchana, apate jua.

Mwambie Gozbert nimemwandikia yote bila kuficha.

Mkamwanao,
Annastella


Nshamba,
14 Aprili 2024

Mama Nancy wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na wa kwenu hawajambo? Mwambie Nancy nitamtambua hata ang'oke yote. Huku mvua ni nyingi, kahawa imechanua vizuri, goti linaendelea na kazi yake.

Barua yako nilimsomea Gozbert polepole, neno kwa neno, akairudia mwenyewe mara mbili. Wamefanya kila kitu. Renatha aliosha mayai mpaka vidole vikakunjamana. Kuku wakakaa, siku zikapita, hakuna sauti. Halafu mayai yakaanza kupasuka yenyewe chini ya kuku, pa! pa! na kwa harufu ile Gozbert alitapika mlangoni pa banda. Katika mayai yote yale wametoka vifaranga watatu, na mmoja kapinda shingo.

Renatha alisema, "Yule mwanamke ametudanganya." Gozbert akamkemea: "Nyamaza! Ni ninyi mmeosha vibaya." Ameona haya mbele ya majirani, wanaanza kuuliza. Amesema nikuandikie tena, utoe yote unayoyajua.

Leo hayupo mezani, naandika peke yangu. Kama una ushauri mwingine wa namna ile ile, andika. Nitausoma kwa sauti.

Mama mkwe wako,
Kokubanza


Kaagya,
21 Aprili 2024

Mama mkwe,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Mama yangu anakusalimu, ingawa ilimchukua siku mbili kulisema hilo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sijui ni wewe unayeniuliza au ni Gozbert anayekushikia mkono. Sijali tena. Unajua nalala wapi? Nalala chumba kimoja na mama yangu na mwanangu, mimi niliyekuwa na nyumba ya bati na ua uliofagiwa. Asubuhi nachuma kahawa ya baba kama nilivyochuma nikiwa msichana. Wanawake wenzangu wakinipita njiani wananipa pole, na ile pole ndiyo inayonichoma. Kila ninapoisikia namwona Renatha ameshika ule mguu wa kuku.

Haya, ushauri ndio huu.

Kuku waliokalia mayai viza wameharibika. Gozbert aende mnadani akanunue wengine, asichague sana, hata wanaosinzia achukue. Kuku anayesinzia ni yule anayetaka kuatamia. Akifika nao awachanganye na wa zamani siku hiyo hiyo. Asiwatenge, kuku mgeni akitengwa anakataa mayai. Na ile chanjo ya matone ya macho niliyokuwa natumia aiache kabisa. Ndiyo iliyoua vifaranga ndani ya mayai.

Afanye hivyo, halafu asubiri.

Annastella


Nshamba,
30 Juni 2024

Mwanangu Annastella,

Milele amina. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike Karugendo nimelala usingizi mzuri.

Wamekufa. Gozbert alikwenda mnadani, akarudi na matenga manne juu ya pikipiki, kuku wanasinzia hivyo hivyo, akasema, "Mama, ona, wote wanataka kuatamia!" Wiki haikuisha kideri kikaingia. Wakaanza kuhara kijani, shingo zikapinda, wanazunguka kama walevi wa rubisi. Renatha alikuwa anatoa mizoga kwa karai asubuhi na jioni. Halafu majirani wakaja kuuliza matembe yao. Walijaa uani, wanapiga kelele, na mzee Kyaruzi aliyewaleta kuku wake wawili wa mwisho amekaa chini. Gozbert akawaambia anakwenda mjini kutafuta daktari wa mifugo. Alipanda basi la Mwanza. Hajarudi, simu haipatikani, na Renatha amemwacha hapa na mtoto mgongoni.

Sasa nikuambie jambo. Mwanangu, mimi nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Yai likioshwa kwa sabuni halitotoi, likikaa mwezi halitotoi, na kuku hawezi kufunika mayai ishirini na tano. Na kuku anayesinzia mnadani ni mgonjwa, hilo anajua kila mtu isipokuwa mwanangu aliyekulia mabegani mwa baba yake akaenda kukaa mjini, Kahororo. Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilicheka ndani kwa ndani, nikasema: huyu ana hasira kama yangu. Nikamsomea bila kuruka mstari.

Utauliza mama gani anamfanyia hivyo mwanawe. Hukuwepo kuona alipojenga lile banda. Alilijenga kando ya kaburi la Karugendo, ukuta mmoja umeegemea kaburi lenyewe, ili aokoe matofali. Kuku wakawa wanalala juu yake na kunya juu yake na kuparua udongo. Nilimwambia, "Gozbert, huyo ni ndugu yako." Akanijibu, "Mama, marehemu hahitaji nafasi." Siku ile nilimtoa moyoni. Kuku walikuwa njia tu.

Kuku wako wa kijivu yupo. Kabla wale wa mnadani hawajafika, nilimbeba ndani ya kanga mpaka kwa jirani yetu Kokushubila, akachanjwa, akaatamia uvunguni mwa kitanda chake, na ametotoa vifaranga kumi. Mimi na Kokushubila tulizunguka kila nyumba kuwaambia watu wachanje. Walionisikia kuku wao ni wazima. Waliompa Gozbert wamekosa.

Njoo, mwanangu. Nyumba ni yako. Renatha bado yupo, anangoja afukuzwe. Nimekuwekea wewe kazi hiyo. Utamwambia kwa mdomo wako.

Mama yako,
Kokubanza


Kaagya,
7 Julai 2024

Mama mkwe,

Kasinge waitu. Sisi tu wazima, asante.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Kumbe ulijua. Mimi nilidhani nakuangamiza na wewe. Usidanganyike, niliandika nikikuhesabu pamoja nao. Nilipokuwa nakunja ile karatasi nilikuwa nakuona mkekani unatazama vidole vyako, na nilitaka ulie.

Kwa ajili ya kaburi nimelia mimi. Ningejua kwamba yupo chini ya kinyesi, ningekuja mwenyewe na kiberiti.

Kuku wa Gozbert hawanisumbui. Kuku wawili wa mzee Kyaruzi wananinyima usingizi. Hakumvuta kuku wangu kwa mguu, na siku ile ya matanga yeye hakucheka. Mpelekee vifaranga sita kati ya wale kumi wakishaachana na mama yao. Usimwambie ni wa nani.

Sasa habari ya kuja. Siji kwa mlango wa nyuma. Gozbert amekimbia, lakini maneno yake bado yamekaa katika ukoo, kwamba mwanangu harithi na mimi ni wa kufukuzwa. Waite wazee wale wale, wakae pale pale. Usimame, mama, useme kwa sauti maneno uliyoyameza siku ile. Ukishindwa, tuendelee kuandikiana.

Na Renatha. Unaniahidi nimfukuze. Nimelifikiria usiku na mchana, na nakiri linanitamanisha. Lakini kumfukuza ni dakika moja. Atapanda gari, atafika kwao, watampa pole, atasahau. Nataka akae. Nataka banda lile alibomoe yeye, tofali moja moja, kwa mikono ile ile, na kaburi alifagie mpaka niweze kupiga magoti bila kuchafuka. Akikataa, njia ipo wazi. Akikubali, ana chumba chake na mtoto wake atakula. Lakini kila asubuhi akifungua mlango amwone Nancy anacheza uani kwa baba yake.

Mkamwanao,
Annastella


Nshamba,
28 Julai 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo? Huku jua kali, migomba inataka maji, mimi nina nguvu.

Nimesema. Walikaa Jumapili iliyopita, Rutaihwa mkuu wa ukoo kwenye kiti, wengine mkekani, na watu wa pembeni ni wale wale waliokuwepo. Rutaihwa akauliza, "Kokubanza, unatuita kuna nini?" Nikasimama. Nikashika nguzo ya baraza.

Nikasema, "Kibanja hiki kimelimwa na Karugendo na mke wake. Gozbert hakuleta hapa hata jembe. Mlimpa, na mimi mama yao nikanyamaza kwa sababu nilimwogopa. Nilikosea, na ninyi mlikosea."

Rutashobya, shemeji yangu, akarukia: "Mtoto wa kike harithi! Hiyo ndiyo mila."

Nikamwambia, "Gozbert ni wa kiume. Nenda nyuma ya nyumba ukaone mwanamume alivyolitunza kaburi la ndugu yake."

Wakaenda, wote. Walirudi hawatazamani. Rutaihwa akasema kibanja ni cha Annastella na Nancy, na Gozbert akirudi aje kwake kwanza. Mtendaji wa kijiji ameandika na kugonga mhuri. Rutashobya aliondoka bila kunywa hata kahawa.

Mzee Kyaruzi amepata vifaranga wake. Aliuliza ni wa nani, nikamwambia anywe chai.

Renatha nilimsomea maneno yako jioni ile. Alilia sana. Asubuhi akafunga kitambaa kichwani, akaanza kutoa mabati. Imemchukua siku tano na mtoto mgongoni. Sikumsaidia, ingawa majirani walidhani nitamsaidia. Leo amemaliza kufagia. Amepanda maua, hukumwagiza. Halafu akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, akija atanisalimu?"

Nilimwambia sijui. Nimjibu nini?

Mama yako,
Kokubanza


Kaagya,
31 Julai 2024

Mama,

Kasinge waitu. Tu wazima, tunafunga mizigo. Umesema vizuri, na mimi nimesikia. Tunafika Jumamosi na gari la mchana. Baba anatusindikiza mpaka Bukoba. Nancy amenunuliwa viatu.

Maua yang'oe kabla sijafika. Nitapanda mimi.

Renatha mjibu hivi: mbele za watu nitamsalimu. Tukibaki wawili jikoni, asisubiri.

Mwanao,
Mama Nancy